Uingereza–Ufaransa: gari la likizo lipite baharini au chini ya bahari?

Familia inayotoka Uingereza kwenda likizo Ufaransa na gari lenye vitanda na jiko huchagua kati ya kivuko cha Dover hadi Calais na treni ya kubeba magari inayopita kwenye handaki lililofunguliwa mwaka 1994. Treni huchukua dakika 35, abiria wakibaki ndani ya gari lao. Kivuko huchukua saa moja na nusu hivi, lakini dereva hupanda juu, akala, akanyoosha miguu. Kwa anayeendelea hadi Marseille, si jambo dogo.

Kabla ya kulinganisha bei, angalia gesi. Mitungi ya kupikia inaruhusiwa kwenye treni kwa kiasi maalum, ikiwa imefungwa. Gari ambalo injini yake inatumia gesi ya LPG linakataliwa, hata likiwa na tangi la petroli pia. Mwenye gari hilo aelekee Dover.