Jina la Baba Halishindi Mbio

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo nataka tuitazame methali hiyo katika biashara ya madume ya mifugo, maana huko mara nyingi mambo huwa kinyume. Suala langu ni hili: mtu anapolipa ili jike wake apandwe, analipia nini hasa? Analipia kazi ya dume, au analipia jina la baba yake na babu yake?

Nitaanza na farasi wa mbio, kwa sababu kwao hesabu zote zimeandikwa. Sizungumzii kamari; nazungumzia uzazi.

Sisi wa Visiwani si wageni wa farasi. Mwaka 1840 Seyyid Said bin Sultan aliipeleka merikebu yake Sultana mpaka New York, chini ya Ahmad bin Na'aman. Miongoni mwa zawadi za Rais Martin Van Buren walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Sheria ya Marekani haikumruhusu Rais kupokea zawadi zile, kwa hiyo farasi wakauzwa na fedha zikaingia hazina ya serikali. Farasi wa Kiarabu walikuwa na heshima yao, na kwa haki. Farasi wote wa mbio wa asili ya Kiingereza, ukifuata upande wa baba, wanarudi kwa madume watatu tu waliotoka Mashariki. Mmoja wao, Darley Arabian, alipelekwa Uingereza kutoka Aleppo, Syria, mwaka 1704, na wengi kabisa wa farasi wa mbio wa leo ni uzao wake.

Tangu hapo nasaba imekuwa biashara. Dume akistaafu mbio hupelekwa shambani, na mwenye jike hulipa ada. Farasi hubeba mimba miezi kumi na moja, na mtoto haanzi mbio mpaka afikishe miaka miwili au mitatu. Kwa hiyo ada ya mwanzo hupangwa miaka kama mitatu au minne kabla mtu yeyote hajamwona mtoto wa dume yule akikimbia. Katika kipindi chote hicho soko halina ushahidi. Lina jina tu.

Jina nalo hujisaidia lenyewe. Dume mwenye jina hutozwa ada kubwa, na anayeweza kulipa ada kubwa ni tajiri mwenye majike bora. Majike bora huzaa watoto wazuri, na sifa yote huenda kwa baba. Dume wa bei nafuu huletewa majike hafifu, kisha watoto wakishindwa, lawama ni yake. Ndiyo maana dume wa bei nafuu anapozaa washindi, ushahidi wake una uzito zaidi.

Tazama mifano. Mwaka 1983 Sheikh Mohammed wa Dubai alimnunua farasi mchanga aitwaye Snaafi Dancer, mtoto wa Northern Dancer aliyekuwa dume mashuhuri kuliko wote wakati ule, kwa dola milioni 10.2. Farasi huyo hakukimbia hata shindano moja. Alipowekwa kuwa dume la mbegu ikaonekana uzazi wake ni dhaifu, akaacha watoto wanne tu.

Sasa mtazame Sunday Silence, aliyezaliwa Marekani mwaka 1986. Mnadani walimcheka kwa miguu yake, na ukoo wa mama yake haukuwa wa fasheni. Mwaka 1989 alishinda Kentucky Derby na akawa farasi bora wa mwaka. Hata baada ya hapo wafugaji wengi wa kwao hawakumtaka kwa uzazi. Zenya Yoshida wa Japani akamnunua, na Sunday Silence akaongoza orodha ya madume bora ya Japani miaka kumi na mitatu mfululizo, 1995 mpaka 2007.

Into Mischief alianza kazi hiyo Marekani mwaka 2009 kwa ada ya dola 12,500, na baadaye ikashushwa mpaka 7,500. Katika uzao wake wa kwanza akatokea Goldencents, aliyeshinda Santa Anita Derby mwaka 2013. Mwaka 2024 ada ya Into Mischief ilikuwa dola 250,000. Aliyempelekea jike kwa 7,500 na aliyempelekea kwa 250,000 walinunua damu ile ile. Kilichoongezeka ni ushahidi.

Tusidanganyane, hata hivyo. Urahisi wa bei si sifa. Madume wengi wa bei nafuu hawazai chochote cha maana, na koo mashuhuri zimepata umashuhuri wao kwa kazi. Lakini mtoto huchukua nusu ya urithi kwa baba na nusu kwa mama, na nusu ipi itamfikia ni majaliwa. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hawalingani, na hilo kila mmoja analiona nyumbani kwake.

Utaniuliza: yanatuhusu nini hayo? Mwezi uliopita nilikuwa Nungwi, pale pwani wanapounda majahazi. Ng'ombe walikuwa wakipita mchangani, na mafundi wawili kivulini walikuwa wakibishana juu ya mtamba. Mwenye mtamba, kijana, alikuwa anakusanya fedha za mbegu ya fahali wa Kifrisian aliyemwona pichani.

"Mwanangu," mzee akamwambia, "fahali wa jirani yako binti zake wanakamuliwa hapa hapa mtaani. Umekwenda kuwaona?"

"Yule hana jina, mzee wangu."

"Na picha hiyo ina maziwa?"

Mjadala huo una thamani kubwa Unguja. Mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa kimeepukana na mbung'o, baada ya madume wa mbung'o waliofanywa tasa kwa mionzi kuachiwa kutoka angani. Tangu hapo imekuwa rahisi zaidi kufuga ng'ombe wa maziwa walioboreshwa. Kwa hiyo uchaguzi wa fahali ni uchaguzi wa kipato cha nyumba kwa miaka mingi.

Mimi nasema tuulize mambo matatu kabla ya kulipa. Kwanza, watoto wake wazuri ni wangapi kati ya wangapi? Mabingwa watano kati ya mia ni wachache kuliko watatu kati ya ishirini. Pili, mama zao walikuwa wa namna gani? Ikiwa mabinti wengi wa fahali, kwa malisho yale yale, wanawapita mama zao kwa maziwa, hiyo ni kazi ya baba. Tatu, watoto hao waliishi katika hali kama yako? Nungwi ni joto, ardhi ni ya mawe, na kupe wanaleta ndigana. Mfrisian mkubwa anataka malisho mengi. Chotara wa Jezi ni mdogo, anakula kidogo, na maziwa yake yana mafuta zaidi.

Na huyo fahali wa jirani naye asipokelewe kwa ujirani tu. Hakikisha si baba wa mtamba wako, na daktari wa mifugo ampime maradhi ya kutupa mimba.

Ndugu msikilizaji, nasaba ni barua ya kumtambulisha dume. Tuisome, lakini kabla ya kutoa fedha twende tukawaone watoto.