Kufundisha Taarifa za Uwekezaji kwa Ngazi
Hapa Kaliua reli hugawanyika, njia moja ikielekea Kigoma na nyingine Mpanda. Programu za kompyuta za uwekezaji hupanga taarifa vivyo hivyo, kwa matawi. Tuchukue mfano wa kubuni wa kikundi cha wakulima wa tumbaku. Ubaoni tuandike Kikundi. Chini yake Hisa, na Vipande vya Mfuko wa Umoja, ulioanzishwa mwaka 2005. Hisa za shilingi 400,000 zimeshuka hadi 300,000. Vipande vya 600,000 vimefikia 700,000. Jumla ingali 1,000,000, na wanafunzi watadhani hakuna kilichobadilika. Hapo tuwashushe ngazi moja, waione hasara iliyojificha. Aidha, kila mali iandikwe katika tawi moja tu, isije ikahesabiwa mara mbili. Mwanafunzi hana budi kuifuata jumla hadi chini kabla ya kuiamini.