Mifuko ya Plastiki na Ulinzi wa Mipaka

Msafiri anayeingia Rwanda na mfuko wa plastiki hunyang'anywa mpakani. Marufuku hiyo ilianza mwaka 2008. Kenya ilifuata tarehe 28 Agosti, 2017, kwa adhabu kali zaidi: faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 za Kenya, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Tanzania ilipiga marufuku yake tarehe 1 Juni, 2019.

Askari anayepekua mizigo ana haki ya kuuliza: kwa nini mtu akamatwe kwa sababu ya mfuko wa kubebea nyanya? Je, si afadhali takataka hizo zikusanywe na kutengenezwa upya?

Jibu limo katika plastiki yenyewe. Chupa ya maji, kifuniko chake na mfuko ni plastiki za aina tofauti, na kila moja huyeyuka kwa joto lake. Zikichanganywa, hutoka kitu dhaifu kisicho na mnunuzi. Hata iliyochambuliwa vyema hupungua nguvu kila iyeyushwapo. Ndiyo maana chupa nyingi huishia kuwa nyuzi za mazulia, wala haziwi chupa tena. Mfuko mwembamba una balaa zaidi. Mwokota takataka hujaza gunia zima akapata uzito usiomlipa jasho lake, tena mfuko umejaa mchanga na mafuta. Kwa hiyo chupa huokotwa, mfuko huachwa uzibe mfereji.

Hesabu iliyochapishwa na wataalamu wa Marekani mwaka 2017 ilionyesha kwamba, katika takataka zote za plastiki zilizopatikana duniani hadi mwaka 2015, zilizotengenezwa upya zilikuwa kama asilimia 9 tu. Nchi tajiri zenyewe zilikuwa zikipeleka nyingi China, mpaka China ilipofunga mlango mwaka 2018.

Marufuku nayo haitoshi. Uganda ilitangaza yake mwaka 2009, lakini utekelezaji ukalegea, na mifuko ikavushwa kwa magendo hadi Kenya na Rwanda. Aidha, Kenya iliviachia vifungashio vya bidhaa za viwandani. Pakiti ndogo ya kahawa, yenye tabaka za plastiki na alumini zilizogandamana, ni ngumu kutengenezwa upya kuliko hata ule mfuko. Nayo hupita mbele ya askari kihalali, kwa maelfu katika lori moja.