Picha za Anga za Kasese na Bwera: Zikatwe kwa Gridi, Zitafutwe kwa Jina
(Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza namna picha ya anga inavyopigwa, inavyonyooshwa ili milima isipotoshe umbali, na inavyogawanywa kuwa vigae vya mraba ambavyo kompyuta huvifungua kimoja kimoja. Leo tunaingia katika swali ambalo wapima ardhi hulipita haraka, nami naona ndilo linaloamua kama picha hizo zitamfaa mtu au zitalala kabatini. Ofisa mipango wa Manispaa ya Kasese, au karani wa Baraza la Mji la Mpondwe-Lhubiriha kule Bwera, atajuaje ni vigae vipi vinavyohusu eneo lake? Kigae kina namba. Yeye ana jina la mtaa, la muluka (yaani parishi) au la mto, na ana kazi inayomsubiri, kwa kuwa Sheria ya Mipango ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, mijini na vijijini. Kati ya namba na jina panahitajika faharasa. Hoja yangu ni kwamba faharasa hiyo ipangwe kwa mipaka ya utawala, yaani manispaa, baraza la mji, gombolola na muluka, huku picha zenyewe zikiachwa katika gridi yake bila kuguswa na mkasi wa mpaka wowote.

Anayedhani kwamba namba peke yake zinatosha aangalie Kasese ilivyokaa duniani. Wilaya hii inakatwa na mistari miwili mikuu: Ikweta, na longitudo ya nyuzi 30 mashariki. Mistari hiyo inakutana karibu na Kikorongo, upande wa Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Katika mfumo wa UTM, ambao wapima ardhi wanautumia karibu dunia nzima, nyuzi 30 ndizo zinazotenga kanda ya 35 na kanda ya 36, na Ikweta ndiyo inayotenga kaskazini na kusini. Kwa hiyo wilaya moja imeangukia katika kanda nne. Mji wa Kasese, ulio mashariki kidogo ya nyuzi 30, umo katika kanda ya 36 kaskazini. Bwera, isiyofika kilomita 50 kutoka hapo kwa mstari ulionyooka, imo katika kanda ya 35 kaskazini. Katwe ya chumvi imo katika kanda ya 35 kusini. Ukisimama mahali mistari inapokutana, kipimo cha kwenda mashariki kinasoma karibu mita 834,000 upande wa magharibi wa nyuzi 30, na hatua moja mbele kinasoma karibu mita 166,000. Kipimo cha kwenda kaskazini nacho kinafika mita 10,000,000 ukiikaribia Ikweta kutoka kusini, kisha kinaanza upya kutoka sifuri. Vigae viwili vinavyogusana, vikiitwa kwa namba za pembe zake, vinaweza kukaa kimoja mwanzo wa orodha na kingine mwishoni kabisa. Mfumo haujakosea kitu, maana ulibuniwa kwa ajili ya kupima. Lakini anayetafuta gombolola iliyokaa juu ya mstari atapata nusu yake, na orodha haitamwambia kwamba kuna nusu nyingine.

Vigae vya ramani za mtandaoni havimwokoi. Huko dunia nzima hugawanywa mara nne, kila robo ikagawanywa tena mara nne, na kuendelea. Katika ngazi ya 18, ambayo inaonyesha paa la nyumba moja moja, kigae kimoja kina upana wa mita 153 hivi kwenye Ikweta. Wilaya ya Kasese, yenye takriban kilomita za mraba 3,400, inahitaji vigae kama 145,000 katika ngazi hiyo peke yake. Mgawanyo wa kwanza kabisa wa dunia hupita kwenye Ikweta. Katika mtindo mmoja wa namba unaotumika sana, kigae cha kaskazini-mashariki mwa dunia huanza na tarakimu 1 na cha kusini-mashariki huanza na 3. Basi Bwera, iliyo kilomita chache tu kaskazini ya Ikweta, inaanza na tarakimu ileile moja na Tokyo, wakati Katwe iliyo jirani yake inaanza na tarakimu ileile moja na Maputo. Kompyuta haioni tabu yoyote hapo. Binadamu mwenye orodha mkononi ndiye anayepotea.

Urithi wa picha za zamani ni mgumu zaidi, na huko ndiko faharasa ya majina inakohitajika sana. Mwaka 1946 Uingereza iliunda idara ya upimaji wa makoloni, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Martin Hotine. Idara hiyo ndiyo iliyotengeneza ramani za Uganda za kipimo cha 1:50,000 kutokana na picha za anga. Kila karatasi ya ramani hizo inachukua dakika 15 kwa dakika 15, karibu kilomita 28 kila upande. Mstari wa nyuzi 29 na dakika 45, ambao ni ukingo wa karatasi, unapita karibu sana na Bwera na kituo cha mpaka cha Mpondwe, na mwenye kazi katika miji hiyo afadhali aandae karatasi mbili tangu mwanzo. Picha zenyewe zilikuwa na upande wa sentimita 23. Kwa kipimo cha 1:40,000 picha moja inaonyesha eneo la kilomita 9 kwa 9, na kila picha inarudia zaidi ya nusu ya iliyotangulia ili mtazamaji auone mwinuko. Zilitambuliwa kwa namba ya safari ya ndege, namba ya filamu na namba ya picha. Mkusanyo wa idara hiyo, wenye picha zaidi ya milioni moja za nchi nyingi, sasa uko Edinburgh, Scotland. Humo mna kumbukumbu ya mabonde ya Rwenzori ya miaka ya 1950, kabla miji haijayajaza, muongo uleule ambao reli ilifika Kasese, mwaka 1956, ili kubeba shaba ya Kilembe. Mtu wa Kilembe akitaka kujua mto ulipita wapi siku hizo, namba ya filamu haimsaidii kitu.

Hapo panazuka pingamizi la kwanza, nalo lina mvuto: kwa nini basi tusizikate picha kwa kufuata mipaka, kila baraza likapewa fungu lake, nani akahitaji faharasa? Jibu liko katika historia ya mipaka yenyewe. Picha ya Kilembe ya miaka ya 1950 ingewekwa katika fungu la ufalme wa Toro. Mwaka 1974 sehemu hiyo ikawa wilaya ya Rwenzori, mwaka 1980 wilaya ikaitwa Kasese, na tangu 2010, Kasese ilipofanywa manispaa, Kilembe imo katika Divisheni ya Bulembia, moja ya divisheni tatu za manispaa; nyingine ni ya Kati na ya Nyamwamba. Majina manne ya utawala yamepita juu ya bonde moja, na bonde halikusogea. Uganda ilikuwa na wilaya 33 mwaka 1986 na leo ina zaidi ya 130. Magombolola na mabaraza ya miji nayo yameongezeka. Kila mgawanyo ungetudai tuzikate picha upya. Faharasa inadai tuandike upya ukurasa mmoja.

Tena maji hayaheshimu fungu la mtu. Mto Nyamwamba unashuka kutoka Rwenzori, unapita Kilembe, unaingia mji wa Kasese na kuelekea Ziwa George. Ulipofurika tarehe 1 Mei 2013, tena 2014, tena Mei 2020 ulipoiharibu hospitali ya Kilembe, mawe na magogo yaliyoumiza divisheni moja yalitoka katika miteremko iliyo nje ya divisheni hiyo. Mhandisi aliyepewa picha zilizokatwa kwenye mpaka wa manispaa angeona mafuriko na asione yalikotoka. Huko Bwera jambo ni zito zaidi, kwa sababu mto Lhubiriha ni mpaka wa nchi na Kongo, uliotajwa katika mkataba wa Brussels wa 1910 kwa jina la Lubilia. Soko la Mpondwe na mji wa Kasindi ng'ambo vinaishi pamoja. Mwezi Juni 2019, Ebola ilipovuka kutoka Kongo na wagonjwa wakahudumiwa Bwera, waliofuatilia watu waliokutana na wagonjwa walihitaji kuziona njia za kingo zote mbili. Picha inayoishia katikati ya mto ingewanyima nusu ya njia. Ndiyo maana nasisitiza kwamba faharasa ya kila baraza iwe na ukingo wa ziada, tuseme kilomita moja nje ya mpaka, na vigae vya ukingo huo viandikwe wazi kuwa ni vya ukingo.

Utengenezaji wake si fumbo. Huchukuliwa maumbo ya mipaka, kama yale ambayo Ofisi ya Takwimu ya Uganda huyaandaa kwa sensa, yakalazwa juu ya gridi ya vigae katika programu huru kama QGIS, kisha programu ikaulizwa kila kigae kinagusa eneo gani na kwa kiasi gani. Kigae kimoja huweza kuandikwa katika orodha tatu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kwa haraka wengi hutumia mstatili unaolizunguka eneo badala ya umbo lenyewe. Katika tambarare hasara yake ni ndogo, lakini kwa gombolola nyembamba iliyolala mshazari kutoka kileleni hadi bondeni, kama zilivyo nyingi za Rwenzori, mstatili huleta vigae vingi visivyo vyake. Kila mstari wa faharasa uwe na mwaka wa picha na mwaka wa mpaka uliotumika. Majina yaandikwe kwa tahajia zote zilizomo katika kumbukumbu: Lhubiriha na Lubilia, Rwenzori na Ruwenzori. Liko pia kosa linalojificha. Ramani za zamani za Afrika Mashariki zilifuata msingi wa upimaji uitwao Arc 1960, uliozaliwa na upimaji mrefu wa longitudo hiyohiyo ya nyuzi 30, ambao kipande chake cha Uganda kilipimwa mwaka 1908 na 1909. Picha za leo hufuata msingi wa WGS84 unaotumiwa na GPS. Tofauti yao hapa kwetu ni karibu mita 300, sawa na vigae viwili vya ngazi ya 18. Mpaka ulionakiliwa kutoka ramani ya zamani bila kusahihishwa utawapa watu wa ukingoni picha za jirani.

Wengine watasema simu imemaliza yote haya, kwa kuwa ukiandika Bwera picha ya setilaiti inafunguka. Inafunguka kweli, na ni msaada mkubwa. Lakini inakupa nukta moja, haikupi eneo lenye mwanzo na mwisho. Inakupa picha ambayo kampuni imeichagua, haikupi ya 1955 na ya juzi zikiwa kando kwa kando. Haimwambii karani kama eneo lote la baraza lake limeshapigwa picha au kuna pengo nyuma ya mlima, ambako mawingu ya Rwenzori huifunika ardhi siku nyingi za mwaka. Pengo huonekana kwa kulinganisha orodha ya vigae vinavyotakiwa na vilivyopo, na orodha ya vinavyotakiwa haiwezi kupatikana bila mpaka.

Pingamizi ninalolipa uzito kuliko yote ni kwamba mipaka ya huku inabishaniwa. Ardhi, utawala na heshima vimefungamana katika Rwenzori tangu vuguvugu la kujitenga la Rwenzururu la 1962, na mstari uliochorwa ofisini unaweza kugeuzwa kuwa ushahidi shambani. Hofu hiyo ni ya haki, na hairuhusu mzaha. Hata hivyo mwenye hofu hiyo ana sababu ya kuichagua faharasa kuliko mkasi. Ukikata picha kwenye mpaka umeamua kesi. Ukiandika kigae chenye mgogoro katika orodha ya magombolola yote mawili, kila upande unaiona ardhi ileile kwa picha ileile, na hujampa yeyote hata shamba. Juu ya kila orodha iandikwe kwamba ni ya kutafutia picha, haithibitishi mpaka. Kwa sababu hiyohiyo nisingeshuka hadi kijiji, ngazi ya chini kabisa ya utawala (LC1). Mipaka ya vijiji vingi inajulikana kwa miti, vijito na kauli ya wazee kuliko kwa vipimo, na kuilazimisha iingie katika kompyuta kwa ajili ya faharasa tu ni kuchokoza bila faida. Muluka vijijini na kata mjini zinatosha. Mwenyekiti wa kijiji akishapewa vigae vya muluka wake ataiona nyumba yake mwenyewe.

Pa kuanzia napaona katika divisheni tatu za Kasese na Baraza la Mji la Mpondwe-Lhubiriha, kwa kuwa mito ya Nyamwamba na Lhubiriha haitasubiri wilaya nzima ikamilike. Orodha ya kila moja ichapishwe kwenye karatasi pamoja na ramani ndogo ya vigae vyake, ibandikwe katika ofisi ya mipango, na nakala ya kompyuta ipelekwe wilayani na katika idara ya upimaji kule Entebbe. Baraza jipya likiundwa, orodha ya zamani isifutwe, bali ifungwe kwa tarehe, ili anayekuja na jina la zamani bado afikishwe penye picha. Nani awe mlinzi wa orodha hizo, na nani alipe, ni suala la sehemu ya tatu.