Mguu wa Mbu na Mrija wa Maji: Maabara Inavyomlea Mwanabiolojia

Mafunzo ya biolojia katika ngazi ya uzamili na uzamivu hutofautiana na yale ya shahada ya kwanza kwa aina ya maswali yanayoulizwa, zaidi ya wingi wa masomo yenyewe. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anapoingia maabarani, mwalimu wake huwa analijua tayari jibu litakalopatikana, na jaribio likienda kombo, kosa huhesabiwa kuwa la mwanafunzi. Mwanafunzi wa uzamili hukabidhiwa swali ambalo hata msimamizi wake hana jibu lake, hivyo hakuna kitabu atakachokifungua ili kusahihisha kazi yake. Kwa sababu hiyo, jambo kubwa analopaswa kujifunza ni namna ya kuyapima matokeo yake mwenyewe kabla ya kuyaamini, na stadi hiyo haipatikani kwa mihadhara peke yake, bali hujengwa na kazi ya mikono inayorudiwarudiwa mpaka ikawa mazoea.

Utaratibu wa kumfunza mtafiti kwa kumpa utafiti aufanye si wa zamani sana. Mkemia Justus von Liebig, aliyeanza kufundisha mwaka 1824 katika mji wa Giessen, Ujerumani, aliijenga maabara yake iwe mahali pa kufundishia watafiti, na wanafunzi wakamfuata kutoka nchi nyingi. Mfumo wa Kijerumani ulivuka bahari ya Atlantiki, na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kilichofunguliwa Baltimore nchini Marekani mwaka 1876, kikaufanya utafiti wa wanafunzi wa uzamivu kuwa kiini cha shughuli zake. Miongoni mwa waliohitimu hapo alikuwa Thomas Hunt Morgan, aliyetunukiwa shahada yake mwaka 1890, na ambaye baadaye, katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliwakusanya wanafunzi wachache katika chumba kidogo kilichojaa chupa za nzi wa matunda. Mmoja wao, Alfred Sturtevant, alitumia hesabu za uzazi wa nzi hao kuchora ramani ya kwanza inayoonyesha jinsi jeni zinavyopangana kwenye kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, na kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1913, kabla hajatunukiwa shahada ya uzamivu.

Afrika ya Mashariki ilipokea mfumo huu kupitia mlango wa Uingereza. Vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa mwaka 1963 kuwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki, na mwaka 1970 kila kimoja kikawa chuo kikuu kinachojitegemea, huku desturi ya Kiingereza ikiendelea kwa kiasi kikubwa. Kwa desturi hiyo, mwanafunzi wa uzamivu huandika pendekezo la utafiti, hupangiwa wasimamizi, kisha hufanya utafiti na kuandika tasnifu inayosomwa na mtahini wa ndani na wa nje. Katika vyuo vingi vya Marekani, mwanafunzi huanza kwa masomo ya darasani na kwa kuzunguka katika maabara kadhaa, wiki chache kila moja, kabla ya kuchagua atakapoweka makazi. Shahada ya uzamili katika vyuo vingi vya Afrika ya Mashariki husimama katikati ya njia hizo mbili, kwa kuwa huanza na masomo na kumalizikia kwenye tasnifu.

Masomo hayo ya darasani hujumuisha biolojia ya molekuli, ambayo huchunguza jinsi DNA na protini zinavyofanya kazi ndani ya seli, pamoja na mbinu za utafiti na takwimu. Somo la takwimu, ambalo wanafunzi wengi wa biolojia hulipokea kwa shingo upande, ndilo linaloamua kama kazi ya miaka miwili itakuwa na maana. Mwanatakwimu Mwingereza Ronald Fisher, katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu usanifu wa majaribio, alionyesha kwamba takwimu haziwezi kuliokoa jaribio lililopangwa vibaya. Mtafiti anayetaka kulinganisha mitego miwili ya mbu, kwa mfano, hawezi kuuacha mmoja katika nyumba iliyo jirani na zizi la ng'ombe na mwingine katika nyumba iliyo mbali nalo, kwa sababu hatajua kama tofauti ya mbu walionaswa imetokana na mitego au na ng'ombe. Humlazimu aihamishe mitego kati ya nyumba usiku baada ya usiku kwa mpangilio aliouweka tangu mwanzo, ili kila mtego ukae katika kila nyumba.

Baada ya darasa, mwanafunzi hukutana na pipeti, kifaa cha mkononi cha kunyonyea na kumiminia ujazo mdogo sana wa vimiminika. Pipeti ya aina inayotumika leo, yenye kitufe cha springi na ncha ya plastiki inayotupwa baada ya matumizi, ilibuniwa na Heinrich Schnitger katika mji wa Marburg, Ujerumani, mwaka 1957, na kabla yake watafiti wengi walinyonya vimiminika kwa midomo kupitia mirija ya kioo. Kitufe cha pipeti kina vituo viwili: mtumiaji hukibonyeza hadi kituo cha kwanza kabla ya kuichovya ncha, hukiachia polepole ili kimiminika kipande, na wakati wa kumimina hukibonyeza hadi kituo cha pili ili tone la mwisho litoke. Anayenyonya kutoka kituo cha pili huchukua ujazo mkubwa kuliko aliokusudia, na anayekiachia kitufe ghafla huingiza mapovu. Zoezi la kawaida la kumpima anayeanza ni kumpa maji na mizania nyeti, kwa kuwa mikrolita 100 za maji, yaani sehemu moja ya kumi ya mililita, huwa na uzito unaokaribia sana miligramu 100. Akirudia mara 10 na namba zikatawanyika, basi mkono wake bado, na hakuna kipimo chochote atakachokifanya siku hiyo kitakachoaminika kuliko mkono huo.

Umuhimu wa usahihi huo huonekana katika kazi inayofanywa na wanafunzi wengi wa Afrika ya Mashariki wanaochunguza malaria. Mbu wa kundi la Anopheles gambiae ni spishi kadhaa zisizotofautishwa kwa macho, hata chini ya hadubini, ingawa tabia zao hazifanani: Anopheles gambiae mwenyewe hupendelea sana damu ya binadamu na huuma zaidi ndani ya nyumba, ilhali Anopheles arabiensis huuma pia ng'ombe, na mara nyingi nje. Kwa kuwa vyandarua na dawa ya kupuliziwa ukutani huwapata zaidi wanaoingia ndani, mpango wa kudhibiti malaria hauwezi kusimama bila kujua ni spishi ipi iliyopo, na jibu hutolewa na DNA iliyomo katika kipande kidogo cha mbu, hata mguu mmoja.

Mbinu inayotumika huitwa PCR, ambayo ni njia ya kunakili kipande kilichochaguliwa cha DNA ndani ya mrija mdogo, na ilibuniwa na Kary Mullis nchini Marekani mwaka 1983. Mrija huwekwa DNA ya mbu, vianzilishi, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha mahali pa kuanzia kunakili, malighafi za kujengea DNA mpya, na kimeng'enya kilichotokana na Thermus aquaticus, bakteria aliyegunduliwa katika chemchemi za maji moto za Yellowstone, ambacho hustahimili joto kali. Mashine huupandisha mrija hadi nyuzi 94 au 95 za Selsiasi ili nyuzi mbili za DNA zitengane, huushusha ili vianzilishi vinate, kisha huupandisha tena hadi nyuzi 72 ili kimeng'enya kinakili. Kila mzunguko huongeza nakala maradufu, hivyo mizunguko 30, ikienda bila upungufu, huweza kuigeuza molekuli moja kuwa zaidi ya bilioni moja. Nakala hizo hutenganishwa kwa umeme ndani ya jeli, ambamo vipande vifupi hukimbia zaidi kuliko virefu. Kwa vianzilishi vilivyochapishwa mwaka 1993 na ambavyo vimetumika sana tangu hapo, Anopheles gambiae huonekana kama mstari wa jozi za besi 390, na Anopheles arabiensis kama mstari wa jozi 315.

Nguvu hiyo ya kunakili ndiyo pia hatari ya mbinu yenyewe, kwa kuwa molekuli chache zilizorukia kutoka kwenye glovu, meza au pipeti hunakiliwa kwa bidii ileile kama zile za mbu aliyekusudiwa. Kwa sababu hiyo, kila mfululizo wa mirija huwa na mmoja uliowekwa kila kitu isipokuwa DNA, ambayo nafasi yake huchukuliwa na maji safi, na mrija huo huitwa kidhibiti hasi. Mrija wa maji ukitoa mstari kwenye jeli, mirija yote ya siku hiyo hutiliwa shaka, hata kama picha yake inapendeza na inakubaliana na matarajio ya mtafiti. Sambamba nao huwekwa kidhibiti chanya, yaani mrija wenye DNA ya mbu anayejulikana, ili ikitokea jeli nzima iko tupu, ijulikane kama kasoro ni ya sampuli au ni ya kemikali. Maabara makini hutenga chumba cha kuandalia mirija na chumba cha kufungulia iliyokwisha kunakiliwa, na koti la chumba cha pili haliingii katika cha kwanza.

Gharama ya kuipuuza shaka hiyo ilionekana wazi mwaka 2009, jarida la Science lilipochapisha utafiti uliohusisha ugonjwa wa uchovu sugu na kirusi kilichoitwa XMRV. Maabara nyingine zilipojaribu kurudia kazi hiyo hazikukipata, na mwaka 2011 ikabainika kwamba kirusi hicho kilizaliwa maabarani kutokana na kuungana kwa virusi viwili vya panya, wakati uvimbe wa saratani ya tezi dume ulipokuwa ukikuzwa ndani ya panya. Makala yale yaliondolewa rasmi mwezi Desemba mwaka huohuo, baada ya kuwatia wagonjwa matumaini na hofu isiyo na msingi.

Pamoja na vidhibiti, mwanafunzi hufunzwa kutunza daftari la maabara, lenye kurasa zenye namba, tarehe ya kila siku na maandishi ya wino, ambamo kosa hukatwa kwa mstari mmoja unaoliacha lisomeke badala ya kufutwa. Namba ya toleo la kemikali na joto la jokofu huonekana mambo madogo wakati wa kuandikwa, lakini ndiyo yanayotafutwa kwanza matokeo yanapogoma kujirudia. Kadhalika hufunzwa kwamba utafiti unahitaji idhini kabla ya sampuli ya kwanza kuchukuliwa: nchini Tanzania vibali vya utafiti hutolewa na COSTECH na idhini ya maadili ya utafiti wa afya kitaifa na NIMR, na nchini Kenya leseni hutolewa na NACOSTI.

Mazingira ya Afrika ya Mashariki huongeza masomo yasiyoandikwa katika mtaala. Vimeng'enya vinavyohifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri huharibika vikikwama njiani au forodhani bila barafu, na umeme ukikatika katikati ya mizunguko ya PCR, kazi huanza upya. Njia mojawapo iliyosaidia ni kuunganisha vyuo na taasisi za utafiti zenye vifaa. Thomas Odhiambo, mtaalamu wa wadudu kutoka Kenya aliyesoma Makerere na Cambridge, aliianzisha taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe jijini Nairobi mwaka 1970, na kuanzia mwaka 1983 programu yake ya ARPPIS imewapokea wanafunzi wa uzamivu kutoka nchi mbalimbali za Afrika, wanaosajiliwa katika vyuo vikuu huku utafiti wao ukifanyika katika taasisi hiyo.

Kwa hiyo ubora wa mafunzo ya uzamili katika biolojia haupimwi kwa orodha ya masomo wala kwa ukubwa wa jengo, bali kwa mambo ya kawaida ambayo bajeti huyasahau: kemikali zinazofika kwa wakati, pipeti zinazokaguliwa, jenereta lenye mafuta, na fundi sanifu wa maabara mwenye muda wa kusimama nyuma ya mwanafunzi na kumsahihisha mkono. Vyuo vinavyopanua udahili bila kupanua mambo hayo huzalisha tasnifu nyingi na watafiti wachache. Anayefikiria kujiunga na programu ya namna hiyo na aombe kuitembelea maabara kabla ya kulipa ada, aulize wanafunzi waliopo hupata saa ngapi za mashine kwa wiki, na aombe kuonyeshwa picha ya jeli ya karibuni, atazame kwanza nafasi ya mrija wa maji.