Ukishuka Kisesa, uliza Bujora

Mgeni akifika Mwisenge, mjini Musoma, ataelekezwa shule ya msingi. Hapo ndipo Julius Nyerere alipoanza masomo mwaka 1934, akiwa na miaka 12, akitokea Butiama, mwendo wa kilomita 40 hivi. Butiama nako kuna kaburi lake na makumbusho yenye jina lake. Ni pa kwenda, ila simulizi ya huko ni ya mtu mmoja. Anayetaka kuwaona watu wa kabila zima wakiwa ndani ya makumbusho yao, na apande basi la Mwanza.

Basi hupita Bunda, likauambaa mpaka wa Serengeti, halafu Lamadi na Magu. Kabla ya kuingia jijini kuna Kisesa. Ashuke hapo, aulize Bujora.

Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yalianza miaka ya 1950 kwa juhudi za padri kutoka Kanada, David Clement. Ajabu ni kwamba wamisionari wengi waliomtangulia waliihesabu ngoma kuwa upagani. Clement akaipa kiwanja. Ngoma za watemi zikatunzwa, kanisa likajengwa kwa umbo la msonge, na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo ikaambatana na mashindano ya ngoma yaitwayo Bulabo, ambayo hufanyika mwezi Juni.

Hawaii nako kanisa ndilo lililoanza. Mwaka 1963 Wamormoni walifungua Polynesian Cultural Center mjini Laie, yenye vijiji vya Samoa, Tonga, Fiji, Tahiti na visiwa vingine. Wengi wa wachezaji ni wanafunzi wa chuo kikuu cha jirani, ambao kazi hiyo huwasaidia kulipia masomo. Mtalii hukata tiketi, huketi, hupiga makofi. Dar es Salaam pia ina Kijiji cha Makumbusho tangu miaka ya 1960, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali, ingawa ukitaja Makumbusho leo, wengi hufikiria stendi ya daladala.

Bulabo ni habari nyingine, kwa sababu mtazamaji ana kazi. Wacheza ngoma wa Kisukuma wana vyama viwili hasimu, Wagika na Wagalu, na upinzani wao ni wa tangu karne ya 19. Siku ya mashindano makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kiwanja kimoja, kila moja likijaribu kuwavuta watu upande wake. Wengine huingia na chatu shingoni, wengine na majembe yanayorushwa juu na kudakwa. Dawa ya mvuto nayo hutajwa, na kila upande husema ya mwenzake ndiyo kali.

Kwa desturi hakuna jaji wa kujumlisha alama. Mshindi ni yule aliyezungukwa na umati mkubwa zaidi, kwa hiyo mgeni aliyetoka Mwisenge na kushuka Kisesa asubuhi, akasogea upande mmoja ili amwone chatu vizuri, tayari amepiga kura.