Ugali, maharage na mchicha kwa jiko moja

Siyo kila mwanafunzi analala hosteli. Wengi tunaishi kwa wazazi, kwa mama mdogo au kwa baba mkubwa. Siku ya Jumatano kipindi kinaisha saa 11 jioni, na nyumbani kuna watu sita wanaotaka kula. Utapika saa ngapi, utasoma saa ngapi? Inawezekana kufanya vyote hata kwa jiko moja la gesi, mradi ujue kipi kinatangulia.

Maharage ndiyo yanayokula muda, kwa hiyo yaanze. Asubuhi kabla hujatoka, chambua nusu kilo uloweke kwenye maji mengi. Jioni mwaga maji hayo, weka mapya, bandika. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili, hivyo yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 za mwanzo, kisha yaendelee hadi yaive kabisa. Nyanya zisubiri, maana uchachu wake huchelewesha maharage kulainika.

Wakati yanachemka hakuna haja ya kuyasimamia. Chambua mchicha, kata vitunguu, kuna nazi, halafu fungua daftari. Yakiiva, yaunge kwa kitunguu, nyanya na tui. Mchicha unafuata, dakika 5 zinautosha. Ugali uwe wa mwisho kwa sababu ukipoa hauna raha. Kwa watu sita chemsha maji kama lita 2, koroga uji kwanza, uache utokote vizuri, ndipo uongeze unga kidogo kidogo huku unasonga. Unga wote utafika kama kilo moja.

Sahani hiyo siyo ya kubahatisha. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, na maharage yanayo ya kutosha. Vikiliwa pamoja vinakamilishana. Mchicha una madini ya chuma, na ndimu ukiikamulia juu inausaidia mwili kuyapokea. Chai yenye majani inayazuia, kwa hiyo inywewe baadaye.

Sasa tuseme ukweli. Nyumba nyingi zina wanachuo wawili, dada na kaka, na jioni mmoja anaingia jikoni huku mwingine anajisomea sebuleni. Sisi tunaosomea ualimu tunafundishwa kumpa kila mwanafunzi nafasi sawa ya kujifunza, lakini nafasi hiyo inaanza nyumbani. Kazi niliyoieleza hapa inagawanyika vizuri tu: mmoja anaangalia maharage huku anasoma, mwingine anachambua mboga, anayesonga ugali leo kesho anaosha vyombo. Kaka, mwiko hauchagui mkono. Karatasi ya mtihani mtakayopewa ni ileile, na muda ni uleule.

Kwa hiyo leo kabla ya kulala, ulizaneni: kesho asubuhi nani analoweka maharage?